Kisogo

Akupaye kisogo si mwenzio, wasema.
Mimi wenzangu wote nimewajua kwa visogo.
Miaka thelathini na moja, Langoni, nyuma ya duka la nazi,
nawageuza wakatazama ukuta, nafungua parafujo,
napuliza vumbi, buibui, mende wakavu,
na ile chumvi ya Amu inayokula shaba kimyakimya
kama mkwe anayekula huku akisema ameshiba.

Nimewatibu wengi.
Greatwall ya inchi kumi na nne, nyeusi na nyeupe,
iliyokunywa betri ya gari hadi picha ikanywea
ikawa kama bahasha, kama stempu, kisha nukta.
Sanyo ya Bwanahamadi, aliyeibandika usoni
karatasi ya plastiki, juu buluu, chini kijani,
akaapa ana televisheni ya rangi:
wasoma habari wote wakawa na mapaji ya buluu
na vifua vya majani.
Hitachi. National. JVC iliyotoka Jidda
imefungwa blanketi mbili, kama mzazi.
Majina hayo tuliyatamka kabla ya kujua nchi zao,
tukayapa hata wanyama. Grundig alikuwa paka wetu.

Jana Shekuwe kaja na punda.
Juu ya punda, Philips ya kabati, miguu minne,
milango ya mbao ya kuteleza, kufuli dogo la shaba:
ya nyanyake, marehemu Bi Mwanatumu wa Mkomani,
aliyeifunga kila ikiadhiniwa
na ufunguo akaukundika kwenye pindo la leso.
"Mwenye hoteli wa Shela aitaka," kaniambia.
"Atatoa matumbo, atie maji na samaki.
Wewe itengeneze tu iwake, bei ipande."
"Huyu ng'ombe ni wa maziwa au wa kitoweo?"
Hakunijibu.

Nikaigeuza.

Na kwenye ubao wa kisogo, uliotazama ukuta
tangu mimi sijaota meno,
mkono wa Bi Mwanatumu, kwa penseli,
herufi za Kiarabu, kutoka kulia:
Mwanaisha wa Famau, mara moja, kalipa.
Fumo wa majiko, mara tatu, kalipa kwa mayai.
Wana wa Bi Zena, wanne, wasilipe, yatima.
Mwalimu Aboud, dirishani, asema hatazami. Mara saba.
Thumuni kwa kichwa. Ubao mzima, hadi chini:
mtaa uliokaa jamvini ukitazama uso,
kumbe wenyewe umeandikwa mgongoni.

Na pale kwenye matundu ya kupumulia, mstari wa mwisho:
Lali wa Athmani. Mara mbili. Hajalipa.

Baba.
Aliyetuambia umri wake wote
hajapata kukanyaga kizingiti cha mwenye televisheni.

Nilibadilisha kapasita mbili, nikagusa lehemu hapa na pale.
Saa tano usiku ikapumua, ikanuka vumbi linaloungua
(harufu hiyo, naapa, hizi bapa za yeo hazina,
bapa hazina hata kisogo cha kuandikia deni)
ikawaka.
Chenga tupu.
Mawimbi yake yalizimwa Nairobi zamani;
hakuna tena wa kuipelekea sura.
Nikakaa nikazitazama. Chenga nazo ni mchele:
kwetu tulizila sana, na tukakua.

Asubuhi Shekuwe akausoma ubao kwa kidole, polepole,
akikwama, maana herufi hizo aliziacha chuoni.
Kwenye "yatima" akasimama.
Mamake ni wa tatu kati ya wale wanne.
Simu ya mwenye hoteli ikalia mfukoni mwake,
ikalia, ikanyamaza.

"Nikupe ngapi, fundi?"
"Mia saba tisini na tisa."
"Mbona si mia nane?"
"Ile shilingi moja," nikamwambia, "ni ya kwenu."